Kanda Isiyo na Tarehe

Inspekta alipanda juu ya kiti, akaingiza ncha ya kalamu kwenye tundu lililokuwa ukutani, akaizungusha taratibu, kisha akaichomoa na kuitazama. Ilitoka safi.

"Koplo, hebu njoo uone."

Koplo, mtu mzima aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, aliruka lundo la makasha ya kanda akasogea.

"Naona matundu, afande."

"Rafu ilikuwa imefungwa hapa kwa skrubu. Sasa rafu ikizidiwa na mzigo ikaanguka yenyewe, skrubu zinatokaje?"

"Zinang'oka."

"Na skrubu iking'oka huja na ukuta wake. Tungekuta mabonge ya lipu chini. Tazama plagi za plastiki zilivyokaa. Nzima kabisa. Na skrubu zenyewe ziko wapi?"

Koplo alikagua sakafu, ingawa jibu alikuwa analijua. Ripoti ya ajali aliiandika yeye. Alikuwa ameandika kila alichokiona. Kile ambacho hakikuwepo hakukiandika.

"Hazipo," alisema.

"Mtu alizifungua kwa bisibisi akaondoka nazo. Rafu ikabaki imesimama kwa rehema za Mungu, inasubiri mkono wa kuivuta." Inspekta alishuka kitini, akajifuta viganja kwenye sketi. "Masikio hakupata ajali. Ameuawa."

Masikio ndivyo alivyoitwa fundi sauti wa maktaba ya umma, na wengi hawakulijua jina lake la kitambulisho mpaka siku ya kumzika. Kazi yake ilikuwa kupokea kanda na santuri za bendi za zamani za mji huo, ambazo watu walizitoa uvunguni mwa vitanda na juu ya makabati, kuzisafisha, kuzicheza kwenye mashine na kuzihamishia kwenye kompyuta. Kisha alizipandisha kwenye tovuti ya maktaba. Yeyote mwenye simu aliweza kusikiliza, kupakua akipenda, na kuandika chini ya wimbo neno alilokuwa nalo: huyu mpiga gita alikuwa jirani yetu, hapa ndipo nilipompata mume wangu. Walimkuta asubuhi, amelala kifudifudi chini ya rafu ya chuma iliyopakwa rangi ya kijani, hedifoni bado ziko shingoni. Mashine yake ilikuwa inazunguka tupu.

Inspekta aliigusa ile mashine kwa kidole. "Na hapa pia. Mtu hawashi mashine ya kanda bila kanda. Ilikuwepo. Imekwenda wapi?"

"Huenda imefukiwa humu." Koplo alionyesha lundo.

"Huenda. Nani alikuwa na ugomvi naye?"

"Yuko muuza santuri mmoja, nyuma ya soko. Watu walimsikia akimwapia marehemu kwamba atamvunja mikono."

"Twende tukamwone huyo mvunja mikono."

Duka la muuza santuri lilikuwa chumba kirefu chembamba, na mwenyewe alikaa mwisho kabisa, akipangusa santuri kwa kipande cha shuka kuukuu. Hakuinuka.

"Nilisema, ndiyo," alijibu kabla swali halijaisha. "Tena mbele za watu. Mimi nauza, yeye anagawa bure. Nani atanunua maji kwangu na mvua inanyesha?"

"Jioni aliyokufa ulikuwa wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kituoni. Mlinikamata mchana kwa kelele za spika, mkanilaza na wezi wa kuku mpaka kulipokucha. Waulizeni wenzenu wa zamu, mkanda wangu mpaka leo sijarudishiwa."

Koplo alitoka nje na simu. Aliporudi alitikisa kichwa kukubali. Ilikuwa kweli, hata la mkanda.

Inspekta hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa. "Basi nisaidie. Ulikuwa unaifuatilia kazi yake?"

"Kila siku. Adui usipomjua atakumaliza." Muuza santuri aliitazama ile santuri mkononi, sauti ikampungua. "Alikuwa anajua kazi. Kanda ambayo mimi ningetupa, yeye aliifanya ikaongea. Na kuna wimbo mmoja umeondolewa, sijui ni nani kafanya. Ule wa Chiriku."

"Chiriku ndiye nani?"

"Mwimbaji wa bendi iliyokuwa inapiga Ukumbi wa Reli. Mwanamke, ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alitoweka bendi ikiwa juu kabisa. Ikasemwa amemkimbia mumewe. Sote tulidhani hakuacha hata wimbo mmoja uliorekodiwa, mpaka Masikio alipookota kanda kwenye sanduku la mtu fulani. Siku alipoipandisha nilifunga duka nikasikiliza. Juzi naitafuta, ukurasa hakuna."

"Uliondolewa kabla ya msiba au baada?"

"Baada. Siku ya mazishi ulikuwepo. Niliusikiliza nikitoka makaburini."

Walipofika barabarani, Koplo ndiye aliyesema kwanza. "Marehemu hafuti ukurasa, afande."

"Hafuti."

Mkutubi mkuu aliwapokea ofisini kwake, akawafungia mlango, akakaa nyuma ya meza kubwa iliyopangwa vizuri mno. Alizungumza kama mtu aliyezoea kufungua mikutano.

"Ukurasa niliuondoa mimi. Tuna utaratibu wetu. Ndugu wa msanii akilalamika, tunaondoa kwanza, tunaulizana baadaye."

"Ndugu yupi alilalamika?"

"Mume wa mwimbaji. Mzee Tarumbeta. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa ile bendi. Siku hizi ana gereji. Alikuja kunipa pole baada ya mazishi. Alilia hapo ulipokaa. Akaniambia mkewe alimkimbia, akamwachia mtoto mchanga, na sasa mji mzima unamsikiliza. Akasema tunamtonesha kidonda." Alirekebisha kalamu iliyokuwa tayari imenyooka. "Ni mzee wa watu. Ningemkatalia vipi?"

"Yeye na Masikio walikuwa wanafahamiana?"

"Sana tu. Siku za mwisho alikuwa anashinda naye kule chini, anamtajia majina ya wapigaji. Masikio alifurahi kama mtoto. Alimwekea mpaka kiti chake."

"Kwa hiyo mzee aliingia chumba cha kumbukumbu, na alibaki humo hata Masikio akitoka kwenda kula."

Mkutubi alifikiri. "Nadhani, ndiyo."

"Haya hukutuambia."

Mkutubi alivua miwani. "Mlisema ni ajali."

Koplo aligeukia dirishani.

"Kanda yenyewe iko wapi?"

"Si itakuwa kule chini, kwenye vile vilivyomwagika?"

"Vijana wangu wamepekua. Haipo. Na nakala ya kwenye kompyuta?"

Uso wa mkutubi ulibadilika polepole, kama mtu anayesikia mlango uliofungwa ukifunguka nyuma yake. "Niliifuta pamoja na ukurasa. Mzee alisisitiza. Ilikuwa kanda nzima ilivyo, Masikio hakuwa anakata kitu. Nilidhani kanda yenyewe tunayo."

"Kwa hiyo sauti ya Chiriku haiko tena popote humu ndani."

"Haiko."

"Kulikuwa na mtu aliyeandika chochote chini ya ule wimbo?"

"Wengi. Lakini mmoja namkumbuka. Binti wa huyohuyo mzee. Aliandika, 'Huyu ni mama yangu. Anayejua alikokwenda aniambie.' Ni muuguzi wa zahanati ya hapo mtaa wa pili."

Muuguzi alikuwa anafunga kidonda cha mama mmoja aliyeungua mkono. Aliwaashiria wasubiri, akamaliza kuzungusha bendeji, akaikata, akamwambia yule mama asilowanishe, akamfungulia mlango. Ndipo akanawa mikono na kuwageukia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye macho ya mtu anayelala kidogo.

"Mmekuja kwa ajili ya Masikio," alisema. "Nilitaka nije mwenyewe. Alinipigia simu siku moja kabla hajafa. Aliniambia, dada, njoo maktaba, nimejua jambo kuhusu ile kanda ya mama yako. Nikamjibu nipo zamu, nitakuja. Sikuwahi."

"Hakukwambia ni jambo gani?"

"Alisema ni zuri. Alisema nitafurahi."

"Dada, wewe unajua nini kuhusu mama yako kuondoka?"

"Ninachojua ni alichoniambia baba. Wenzake wa bendi wamekufa, majirani wa wakati ule wamehama. Mama alivuka mto kwa pantoni na dereva wa lori, mwaka mzima kabla daraja halijafunguliwa. Mimi nilikuwa mchanga, nipo mgongoni kwa baba, tumesimama gatini. Mama hakugeuka hata mara moja." Alikunja taulo. "Hilo la kutogeuka baba hakuwa analisahau. Kila nikimuuliza habari za mama, humalizia hapo."

"Wimbo wake ulipoondolewa kwenye tovuti, ulijua?"

"Nilijua. Lakini mimi ninao. Masikio alikuwa ameandika palepale chini: pakueni, kitu kikiwa kwa wengi hakipotei." Alitoa simu mfukoni mwa sare. "Nausikiliza kila nikienda kulala."

"Tusikilizishe. Mpaka mwisho, tafadhali."

Gita lilianza peke yake, kisha ngoma, kisha tarumbeta ikapiga mstari mmoja na kunyamaza kumpisha mwimbaji. Sauti ilikuwa nzito kidogo, tulivu, ya mtu asiye na haraka ya kupendwa. Koplo alivua kofia bila kujitambua. Wimbo ulipomalizika, kidole cha muuguzi kilikwenda kwenye kioo.

Inspekta alimshika mkono. "Acha iendelee."

"Wimbo umeisha. Mimi huwa nairudisha mwanzo."

"Mkutubi anasema Masikio alikuwa hakati kitu. Kanda aliipandisha ilivyo. Iache."

Makofi. Kiti kikiburuzwa. Mtu akakohoa karibu na kipaza sauti. Kisha ile sauti tena, safari hii ikiongea, na kicheko ndani yake.

"Asanteni. Wa ng'ambo mliokuja kwa miguu, nawaona. Leo hamkumsubiri mtu wa pantoni, au siyo? Daraja tumefunguliwa, na pantoni ndiyo tumeiaga hivyo, imeshavutwa nchi kavu. Haya, wakubwa, tupige la daraja."

Watu wakashangilia, na kanda ikakatika.

Muuguzi alibaki ameshika simu mbele yake kama anasoma joto la mgonjwa. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena tangu makofi. Akarudisha tena.

"Pantoni haikuwepo," alisema mwishowe.

"Haikuwepo."

"Basi alivuka na nini?"

Inspekta alimuuliza, kwa sauti ya chini, "Baba yako anajua kwamba umeisikia kanda hii?"

"Nilimchezea mimi mwenyewe. Tukiwa mezani. Nilidhani itamfurahisha, tarumbeta ile ni yake." Alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa. "Wimbo ulipoisha akaniambia nizime, chakula kinapoa. Kesho yake akaniuliza maktaba wanafungua saa ngapi."

Nje, mtoto alikuwa analia kwa kuchomwa sindano.

"Afande, baba amefanya nini?"

"Bado sijajua yote. Nitakuomba simu yako kwa muda. Na usiwasiliane naye."

Muuguzi alimkabidhi. "Namba yake iko juu kabisa," alisema. "Akipiga, msipokee."

Gereji ya Mzee Tarumbeta ilikuwa banda pana la kuta za matofali, paa la bati, sakafu ya zege iliyokolea mafuta. Mzee alikuwa ameinama ndani ya injini ya lori. Mikono yake ilikuwa minene na yenye nguvu kuliko umri wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari limekufa?"

"Gari zima. Aliyekufa ni Masikio."

Mzee alijinyoosha, akafuta spana kwa kitambaa. "Nilimzika. Kijana mwema. Poleni."

Inspekta alimzungumzisha habari za bendi, nani alipiga nini, nani yuko hai. Mzee alijibu vizuri, mpaka akacheka mara moja. Wakati huo Koplo alikuwa anatembea kando ya ukuta, ambako makopo ya maziwa ya unga yalipangwa kwenye ubao, kila kopo na nati na skrubu zake. Aliinua moja, akalitikisa, akatandaza gazeti sakafuni na kulimwaga. Kwa kidole akazitenga skrubu nne, ndefu, vichwa vyake vimepakwa rangi ya kijani.

"Fundi hatupi skrubu," Koplo alisema.

Mzee alizitazama. "Rangi ya kijani iko mji mzima."

"Iko," Inspekta alikubali. "Tutazipeleka zikalinganishwe na rafu. Wakati tunangoja, nisimulie mkeo aliondoka lini."

"Mwaka kabla ya daraja. Alipanda pantoni na dereva wa lori. Nimesimama gatini na mtoto mgongoni. Hakugeuka."

Inspekta aliweka simu juu ya bonati na kuigusa kioo. Makofi yakajaa banda, kisha sauti ya Chiriku, ikiwasalimu wa ng'ambo, ikiiaga pantoni. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama wapigaji wanavyofanya wakitafuta ufunguo wa wimbo. Ilipokwisha, spana ilikuwa imemtoka mkononi.

"Hiyo mmeipata wapi?" aliuliza. "Ile niliichoma."

Mzee mwenyewe alilisikia neno lake, akalitazama likienda, wala hakujaribu kulirudisha.

"Ulichoma kanda," Inspekta alisema. "Ukurasa ukaufutisha kwa machozi. Lakini wasikilizaji walishapakua, mzee. Wako wanaoisikiliza sasa hivi. Hii imetoka kwa binti yako."

"Ameisikia mpaka hapo?"

"Leo. Mbele yangu."

Mzee Tarumbeta alijivutia tairi kuukuu akalikalia.

"Nilimbembeleza yule kijana. Nilimwambia aiache kanda ilivyo. Wimbo una raha yake bila tarehe. Lakini yeye alikuwa amegundua habari ya daraja, amefurahi kweli, akaniambia, mzee, kanda isiyo na tarehe ni yatima. Anataka aandike pale kwenye ukurasa, na amwambie binti yangu kwanza kabla ya wengine, kama zawadi. Nikamwambia mwache yatima awe yatima. Akacheka. Alidhani natania."

"Ukafungua skrubu."

"Alipokwenda kula. Jioni nikamwomba anitolee kasha lililokuwa chini kabisa." Alionyesha kwa mkono, karibu na sakafu. "Alipiga magoti."

"Ulimuua mtu kwa ajili ya mstari mmoja wa maandishi."

"Ule mstari ungemfikia mwanangu. Nimemlea peke yangu. Nimemsuka nywele kwa mikono yangu hii. Hana mwingine, na mimi sina mwingine."

"Alikuwa na mama," Inspekta alisema. "Chiriku yuko wapi?"

Mzee hakuinua macho.

"Usiku ule wa daraja tulirudi hapa na vyombo. Akaniambia amepata watu wa kumrekodi, mbali, na anaondoka na mtoto. Mtoto wangu. Nilimsukuma." Aliitazama sakafu. "Hapa hapakuwa gereji. Palikuwa chumba cha mazoezi cha bendi. Chini kulikuwa udongo."

"Zege alimwaga nani?"

"Mimi."

Koplo alirudi nyuma haraka, kama aliyekanyaga mguu wa mtu.

"Umetengeneza magari hapa miaka yote hii," Inspekta alisema.

"Sikuipenda kazi hii hata siku moja. Nilikuwa mpiga tarumbeta." Mzee aliitazama mikono yake, weusi wa mafuta ulioingia mpaka kwenye kucha. "Lakini mahali hapa ningemwachia nani?"

Alisimama mwenyewe, akanyoosha viganja mbele kwa Koplo. Pingu zilimbana, ikabidi zilegezwe.

Inspekta alikwenda peke yake zahanati kumwambia binti. Alimwambia yote, mlango umefungwa, naye alisikiliza wima, ameshika ukingo wa kitanda cha wagonjwa. Alisema kuna mgonjwa anamsubiri, akatoka.

Kulipokaribia magharibi alifika kituoni, bado amevaa sare.

"Mtachimba kesho?"

"Asubuhi," Inspekta alisema. "Si lazima uwepo. Inaweza kuchukua muda, na si jambo la kutazama."

"Nitakuwepo. Hajawahi kupata wa kumsindikiza."

"Unataka kumwona baba yako? Yuko chumba cha nyuma."

"Hapana."

Alifungua mkoba, akatoa vikasha viwili vya dawa akaviweka kaunta mbele ya Koplo.

"Hizi ni za presha. Hii nyeupe asubuhi, akishakula. Asipokula msimpe, ataanguka. Hii ndogo jioni, na maji mengi. Atawaambia ameshameza. Msimwamini, mwambieni afungue mdomo."

Koplo alirudia maelekezo. Alichanganya ya asubuhi na ya jioni. Muuguzi alimsahihisha, akamfanya arudie tena mpaka akapatia, kisha akatundika mkoba begani na kutoka kuwahi zamu yake.